Kwenu vijana wa bodaboda: maumivu kuisha si mfupa kuunga

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliovunjika muundi mkafungwa hogo, ile plasta ngumu, hasa mnaotafuta mkasi wiki ya tano kwa sababu mguu hauumi tena. Subirini kidogo.

Chukueni mfupa wa paja la kuku, muuloweke kwenye siki siku kadhaa. Utatoka unapinda kama mpira: siki imekula madini ya kalsiamu, zimebaki nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Mwingine uchomeni mpaka uwe mweupe. Huo utameguka kwa vidole kama chaki, maana nyuzi zimeungua, yamebaki madini. Mfupa mzima una vyote viwili. Nyuzi zinauzuia usimeguke, madini yanauzuia usipinde.

Sasa, mwili ukiunga mfupa huanza na nyuzi, madini hufuata. Kwanza damu huganda penye ufa. Kufikia wiki ya 2 au 3, gegedu laini limeanza kuushika. Ncha za mfupa hazisuguani tena, maumivu yanapungua, na hapo ndipo wengi mnapodanganyika, kwani kilichoshika bado ni kama ule mfupa wa siki. Kalsiamu huingia taratibu. Muundi wa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 4, pengine zaidi, kwa kuwa upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna misuli ya kuuletea damu. Ukikata hogo mapema, gegedu linapasuka au mfupa unaunga umepinda. Kumwita mtu akuchue penye ufa kunaleta hasara ileile.

Sigara acheni, hata kama ni kwa miezi hiyo tu: nikotini hubana mishipa midogo ya damu na mfupa unachelewa kuunga. Kalsiamu mnahitaji kama miligramu 1000 kwa siku. Kuleni dagaa wazima na mifupa yao, maziwa, sukuma wiki. Mchicha nao unayo, ila mwili huipata kidogo sana. Msisahau maharage na mayai, kwa ajili ya zile nyuzi.

Jambo moja halingoji siku ya kliniki. Vidole vya mguu vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi kila ukivinyoosha, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Misuli iliyobanwa huweza kufa ndani ya saa chache.

Picha ya eksirei ikionyesha mfupa umeshika na daktari akaruhusu, kanyageni kwa magongo, kwa uzito aliosema yeye. Mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo. Seli moja hubomoa, nyingine hujenga, kazi ya miezi hadi miaka. Kwa hiyo nundu mtakayoipapasa kwenye muundi msiiogope, wala asiwepo wa kuikanda. Inachongwa kutoka ndani.

Mzee wenu