Milioni tano zilizoliwa na makato: barua kwa wanangu wenye mkopo wa nyumba

Wanangu,

Nawaandikia ninyi wa Goba, Madale, Kigamboni na popote penye familia inayokatwa rejesho la nyumba kila mwezi. Siwaandikii wapenda anasa, hao wana wasemaji wao. Nawaandikia ninyi mnaojibana, mnaokula maharage siku nne kwa wiki, mkakusanya shilingi milioni 5 kwa mwaka, mkazipeleka benki kupunguza deni, kisha zikaenda bure. Hilo ndilo linaloniudhi. Asiyeweka akiba namwelewa. Aliyeweka, akafika mpaka kaunta na hela mkononi, akashindwa kuandika mistari mitatu kwenye karatasi, huyo sijui nimweke kundi gani.

Tupige hesabu kwanza. Mkopo wa milioni 60, riba asilimia 17 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miaka 15. Rejesho ni kama 923,400 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 850,000 yote ni riba, na deni la msingi, yaani hela yenyewe mliyokopa, linapungua 73,400 tu. Mwaka ukiisha mmetoa zaidi ya milioni 11, na deni limeshuka kwa kama 953,000. Miaka 5 ikiisha mmetoa milioni 55.4 na bado mnadaiwa milioni 53.1. Benki haijawaibia. Riba inadai chake kwanza, na deni likiwa bichi chake ni kikubwa.

Kwa sababu hiyohiyo, shilingi ya ziada inayoingia mapema ina nguvu kuliko inayoingia baadaye. Milioni 5 zikigonga deni la msingi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na rejesho likabaki lilelile, zinafuta marejesho 42 mwishoni mwa mkopo. Miaka mitatu na nusu. Riba mnayookoa ni kama milioni 34. Milioni 5 hizohizo mkizipeleka mwishoni mwa mwaka wa kumi zinafuta marejesho karibu 12. Kwa hiyo anayesema "tutaanza kulipa zaidi watoto wakimaliza shule" ajue anachokisubiri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Milioni 5 zinaweza kufa benki kwa njia mbili.

Ya kwanza: mnaziweka kwenye akaunti ileile inayokatwa rejesho. Keshia anagonga muhuri kwenye risiti, mnatoka mmefurahi. Kompyuta ya benki haijui nia yenu. Inaona hela zimeingia, na kila mwisho wa mwezi inakata 923,400 kama kawaida. Miezi mitano baadaye zimekwisha, mkopo una urefu uleule, na ninyi mnashangaa mbona deni halisogei. Hamkupunguza deni. Mlilipa marejesho matano kabla ya siku zake.

Ya pili ni ya werevu nusu. Hela zinafika kwenye deni la msingi kweli, lakini benki inapanga upya na kuwapunguzia rejesho, muda unabaki ule. Rejesho linashuka kutoka 923,400 hadi kama 845,000. Mnapiga vigelegele kwa elfu 78 za mwezi, na riba mnayookoa hadi mwisho ni kama milioni 8. Milioni 8 mbele ya milioni 34, hela ileile, siku ileile! Kilichotofautiana ni sentensi moja.

Basi iandikeni. Barua fupi kwa meneja wa tawi: "Tunaomba Sh 5,000,000 zote zipelekwe kwenye deni la msingi la mkopo namba fulani. Rejesho la mwezi libaki Sh 923,400. Muda wa mkopo upunguzwe." Kama mkopo ni wa wawili, sainini wote wawili. Rejesho la mwezi huo lilipwe kwanza, kwa sababu mkiwa na malimbikizo, hela yenu itamezwa na adhabu na riba kabla haijagusa deni. Kabla ya kutoa chochote someni mkataba: benki nyingine zina ada ya kulipa kabla ya muda, nyingine zina kiwango cha chini cha kupokea. Ada ya asilimia 2 kwa milioni 5 ni laki moja, haiwezi kuwa sababu ya kuacha. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Baada ya wiki moja rudini mdai jedwali jipya la marejesho, na msiangalie mstari wa kwanza, angalieni tarehe ya mstari wa mwisho. Kama haijasogea, hawajafanya. Rudini tena, na nakala yenu mkononi.

Jedwali la zamani bandikeni nyuma ya mlango wa jikoni. Lina mistari 180. Mtoto wa darasa la tano apewe rula na kalamu nyekundu akate mistari 42 kuanzia chini. Ataelewa kwa nini Krismasi ile hapakuwa na nguo mpya.

Mtaniuliza hela zitoke wapi. Laki moja tu juu ya rejesho, kila mwezi tangu mwanzo, inaumaliza mkopo huu kwa miaka kumi na nusu badala ya 15, na kuokoa riba kama milioni 37. Laki mbili, miaka minane na miezi mitano. Posho ya safari, malimbikizo ya mshahara, mgao wa VICOBA mwezi wa Desemba: hizo hazimo kwenye bajeti ya kila siku, zipitishieni moja kwa moja kwenye deni kabla hazijazoea nyumba. Wenye mkono mwepesi wa kutumia wacheze mchezo wa upatu wa ndugu kumi, laki kwa mwezi, na zamu ikifika milioni iende benki siku hiyohiyo. Kihesabu ni bora laki ya kila mwezi kuliko kungoja zamu, lakini najua ninaowaandikia.

Na sisi wazee tuna lawama yetu. Tumejenga jamii ambayo kadi ya mchango wa harusi ikifika lazima ijibiwe, na kamati inapiga simu usiku kukumbusha ahadi. Kijana anayejibu "mwaka huu nalipia nyumba" anaitwa mchoyo. Nyumba hiyohiyo ikibandikwa tangazo la mnada getini, kamati haikutani. Wanangu, toeni kwa kiasi chenu, na mkisemwa, semweni mkiwa ndani ya nyumba yenu.

Mengine kwa ufupi. Wekeni kando marejesho matatu, kama milioni 2.8, kabla ya kuanza kulipa ziada, mahali panapotoka ndani ya siku chache kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja. Zaidi ya hapo msirundike: faida ya asilimia 12 haishindi deni la asilimia 17. Msikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili kulipa rejesho, hata mara moja. Kubaki na theluthi ya mshahara baada ya makato ni mpaka wa sheria, si kipimo cha uwezo wenu. Kama riba yenu ni ya kupanda na kushuka, ombeni ipitiwe. Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 5.75 Julai 2025, na asiyeomba hapunguziwi. Bima ya mkopo iendane na salio la sasa. Na mume asifiche mkopo: Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kwenye rehani ya nyumba ya familia, sasa mke aliyesaini kuwekwa rehani mbona haonyeshwi salio?

Siku ya rejesho la mwisho msiishie kupokea barua ya pongezi. Daini hati yenu na nyaraka za kufuta rehani, zipelekeni kwa Msajili wa Hati zisajiliwe, kisha ombeni upekuzi rasmi, yaani karatasi ya Msajili inayoonyesha nani ana haki juu ya nyumba. Karatasi ya upekuzi ikirudi bado ina jina la benki, mpelekeeni meneja siku hiyohiyo, pamoja na nakala za barua zenu zote zenye muhuri.

Mzee wenu