Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: pango katika kisigino cha mchumaji karafuu

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Mjomba wangu aliteleza juu ya mkarafuu akaangukia miguu. Watu walimshukuru Mungu kwa kuwa uti wa mgongo ulisalimika. Kisigino hakikusalimika. Mfupa wa pahala pale una vijitundu kama sega la nyuki. Ukishuka uzito wa mtu mzima kwa ghafla hubonyea, na daktari akiuinua hubaki pango ndani. Pango la mjomba lilijazwa mfupa uliochongwa kwenye nyonga yake mwenyewe. Mpaka leo ukimjulia hali, hulalamikia nyonga kuliko kisigino.

Nakuandikia kwa sababu ya pango hilo.

Pango kama hilo lingeweza kujazwa saruji ya mifupa, yaani rojo linalogandia ndani ya mwili. Iliyozoeleka ni plastiki ya akriliki, ile aliyoitumia John Charnley kule Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kukazia nyonga za bandia. Imewasimamisha watu wengi, siibezi. Lakini haishikamani na mfupa. Hupenya kwenye vijitundu, ikaganda humo na kutoa joto kali, kisha hukaa miaka yote kama mgeni asiyeingia ukoo.

Mwaka 1967 mwanasayansi wa Marekani, Larry Hench, alikaa ndani ya basi na kanali aliyerudi Vietnam. Kanali akamuuliza kwa nini hawatengenezi kitu ambacho mwili hautakikataa. Mwaka 1969 Hench akayeyusha kioo chenye silika, sodiamu, kalisiamu na fosforasi. Kiliwekwa kwenye mifupa ya panya, na baada ya wiki sita kikawa hakitoki. Kumbe kioo kile kikikutana na majimaji ya mwili huota utando wa madini yale yale ya mfupa, na mfupa hai ukaudaka. Miaka ya 1980 ikaja saruji ya kalisiamu fosfati: unga unaokorogwa na kimiminika, ukaganda mwilini bila ya joto la kuunguza na kugeuka madini ya mfupa. Ni dhaifu ikivutwa au ikipindwa, kwa hiyo haiwezi peke yake kubeba uzito kwenye mfupa wa paja. Lakini kujaza pango la kisigino, ndiyo kazi yake hasa.

Sisi tuna malighafi ya saruji hiyo, yaani vitu vyenye kalisiamu na fosfati. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walijua kuchoma matumbawe wakapata chokaa. Sisemi tuyaguse matumbawe hai, hasha. Makombe ya chaza yanatupwa, na mifupa ya ng'ombe imejaa machinjioni. Na hapa kuna jambo ambalo wageni hawalifikirii: unga wa mifupa wa kujazia mapango ya wagonjwa unaouzwa duniani, mwengine hutoka kwa ng'ombe, mwengine kwa nguruwe, na mgonjwa wa Kiislamu ana haki ya kuuliza. Ng'ombe aliyechinjwa hapa hana suala.

Isije ikadhaniwa kwamba mfupa uliochomwa na kusagwa unatosha. Huo haugandi. Kuna fosfati ya kalisiamu ambayo hupatikana kwa kupika juu ya nyuzi 1,125 za Selsiasi kisha kupoza ghafla. Hiyo ndiyo inayoganda. Tanuu la chokaa halitoshi, maana chokaa huiva karibu na nyuzi 900 tu.

Ninachoomba si kiwanda. Naomba chumba kimoja katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tanuu la umeme linalofika nyuzi 1,300, mizani nzuri, na mtu wa kemia akae meza moja na daktari wa mifupa na daktari wa mifugo. Kipimo cha mwanzo ni rahisi. Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto alitunga maji ya chumvi yanayofanana na majimaji ya damu. Unazamisha humo kipande cha saruji kwenye joto la nyuzi 36.5 na kutazama kama utando wa madini ya mfupa unaota. Si jibu la mwisho, maana baada yake kuna wanyama, kamati ya maadili na miaka ya subira. Asitiwe mtu unga huu kabla ya hapo, hata mjomba wangu.

Skulini kwetu nimeshasaga makombe na mifupa, nimevitia kwenye chupa za jamu. Tanuu tulilonalo halifiki hata nyuzi 600.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Wete, Pemba