Zuhura, mzuie Mjomba asikate tiketi

Gresham, Oregon
Jumapili, 9 Februari 2025

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleykum. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa. Sababu za ukimya wangu nitakueleza siku nyingine, maana leo nimekaa kuandika kwa ajili ya Idi wa da Rehema. Nasikia Mjomba Hamisi anachangisha pesa za tiketi ili kijana arudi Dar akatulize akili. Nakuomba sana uende Tandika ukaongee naye. Tiketi isikatwe, angalau si sasa.

Huko mmeambiwa Idi anaumwa kichwa. Haumwi kichwa. Anavuta methamfetamini, zile chengachenga kama vioo, tangu kiangazi kilichopita. Da Rehema ameniruhusu nikwambie wewe na Mjomba tu, kwa hiyo isivuke hapo. Usiku mmoja aliniita saa nane, nikamkuta Idi jikoni ameifungua cherehani ya mama yake yote, kipande kwa kipande, na skrubu amezipanga mezani kwa ukubwa, safu imenyooka. Ilikuwa siku ya tatu hajalala. Midomo imempasuka, taya linatafuna na mdomoni hamna kitu. Kila gari likipita anazima taa, anasema wamemfuata. Da Rehema amekaa kwenye kigoda, hasemi neno, ameshika mkanda wa ile cherehani mkononi. Unajua cherehani ile ndiyo iliyowalisha.

Mwezi uliopita polisi wakamkuta nayo kidogo mfukoni, kituo cha treni. Hapo ndipo penyewe, na hapo ndipo ninapotaka umweleweshe Mjomba.

Jimbo hili limehangaika na dawa hii miaka mingi. Nilipofika hapa nilibanwa na mafua, nikaenda duka la dawa, wakanikatalia vidonge vya kuzibua pua mpaka nilete cheti cha daktari. Nilishangaa! Kumbe tangu 2006 Oregon ilifunga vidonge vyenye pseudoefedrini, kwa sababu watu walikuwa wanavipikia dawa hii majumbani. Upikaji ule kweli ulikufa. Lakini mzigo ukaanza kuingia kutoka Mexico, wa bei rahisi na mkali zaidi, na ule hauhitaji vidonge vya mafua. Mwaka 2022 wakaacha kudai cheti. Halafu kulikuwa na ile kura ya Novemba 2020: asilimia 58 ya wapiga kura walikubali mtu akikutwa na kidogo asifungwe, alipe faini ya dola 100 au apige simu apimwe hali yake, na kodi ya bangi igharamie matibabu. Nia ilikuwa njema, nalisema hilo mbele ya yeyote. Ila sheria ilianza Februari 2021 na pesa za matibabu zikachelewa mno, simu hazikupigwa, na fentanili, dawa ya kulevya kali inayoua upesi, ikaingia katikati ya yote hayo. Ulikuwa ukishuka kwenye basi mjini Portland, watu wanavuta ukutani mchana kweupe. Wananchi wakachoka. Tangu Septemba 2024 ni kosa la jinai tena, na kifungo kinaweza kufika siku 180.

Sasa sikiliza, Zuhura. Sheria hiyo mpya imeacha nafasi moja, na kaunti iliyotaka imejipangia yake. Kaunti yetu, ukikamatwa na kidogo kwa matumizi yako, unapelekwa kuonana na washauri kabla ya kushtakiwa, na ukianza huduma waliyokuelekeza ndani ya siku 30, hakuna kesi. Siku 30 za Idi zinakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Akipanda ndege kabla ya hapo, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, akiitwa mahakamani hayupo, hati ya kumkamata inatoka. Na yule ana grinikadi tu, kibali cha kuishi Marekani, si raia. Ukitiwa hatiani kwa dawa za kulevya hapa, ukiacha bangi kidogo, unaweza kufukuzwa nchini. Bahati nasibu ya grinikadi waliyoipata familia nzima itapotea kwa ajili ya tiketi ya huruma.

Mjomba atakwambia huko nyumbani hamna mambo haya. Mkumbushe Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipotangaza kilo 3,182, heroini na methamfetamini hii hii, zilizokamatwa Dar na Iringa. Atasema kuna methadoni Muhimbili. Ni kweli ipo, tangu 2011, na imeokoa vijana wengi wa Temeke, lakini ni ya kutibu uraibu wa heroini. Kwa methamfetamini mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyoidhinishwa kutibu uraibu wake. Kinachosaidia kuliko vyote ni ushauri pamoja na kitu ambacho Mjomba akisikia atakunja uso: mkojo ukipimwa safi, kijana anapewa kadi ya kununulia vitu dukani, na akiendelea inaongezeka. Baba yake naye alikasirika, eti mlevi halipwi. Imepimwa miaka mingi na inafanya kazi. Mimi nasema apewe hata viatu, alimradi alale usiku.

Dua tunaomba, na sheikh amekuja nyumbani. Dua haizuii kwenda kwa washauri, na sheikh mwenyewe amesema hivyo. Ila baba yake aibu imemshika, hatoki, hata msikitini haendi. Na mimi natembea na dawa ya kupuliza puani ya kumzindua mtu aliyezidiwa na fentanili, kwa sababu siku hizi huwezi kujua kimechanganywa nini. Da Rehema nimemfundisha jinsi ya kuipuliza, mkono ulikuwa unamtetemeka.

Idi mwenyewe juzi kaniambia atakwenda nikimsindikiza. Nimeomba ruhusa kazini Jumatano. Kinachomvuta nyuma ni simu za Mjomba za kila usiku, "njoo nyumbani, mwanangu."

Je, utaweza kwenda Tandika kesho au keshokutwa? Uende na shemeji, au peke yako atakusikiliza zaidi? Zile pesa zimeshachangwa kiasi gani, na nani anazishika? Mama Nasra anajua? Na Mjomba akikubali, unaweza kumwomba apige simu Jumanne usiku, saa za huku, amwambie Idi kwa mdomo wake aende Jumatano? Miguu yako imepona?

Nijibu kwa sauti kama kuandika ni kazi.

Wako,
Mwanahawa