Jumapili tunaanza Rosa Mistika

Habari zenu wanakikundi. Jumapili saa 2 usiku tunaanza Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ile ya 1971. Someni mwanzo tu, msikimbilie mwisho.

Kipigo cha barua, pale Rosa anapopigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, kisomeni mara mbili. Wengi humlaumu Rosa mapema, wakamsahau Zakaria, baba mlevi anayelinda binti kwa fimbo bila kumfundisha lolote kuhusu wavulana. Chukueni penseli: pembeni andikeni K Rosa anapokatazwa, C anapochagua mwenyewe. Akishafika shule ya bweni, linganisheni herufi hizo. Hapo ndipo mjadala ulipo.

Mkinukuu tajeni sura, si ukurasa pekee, maana matoleo yanatofautiana. Ujumbe wa sauti usizidi dakika 2, tafadhali, hasa ninyi wa mahubiri!