Barua Isomwe Kabla Haijatoka: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, mawakili wa serikali na wenzetu wa idara nyingine, wazee wetu mlioanza kazi enzi za mabaraza ya miji, na nyinyi vijana mlioapishwa juzijuzi, assalaam aleikum na hamjambo nyote. Waliotoka Lamu alfajiri wakapitia Garsen, na wenzetu wa Hola na Kilifi, karibuni Malindi.

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina, na mahudhurio yamo katika kumbukumbu za katibu. Mimi nitautumia muda wangu kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni kazi ya wakili wa serikali anayesimamia mawakili wenzake katika masuala ya ajira. Wengi wetu tumeshafika hapo. Hatusimami tena kortini kila wiki. Tunagawa mafaili, tunasoma kazi za wengine, tunaweka saini. Naamini kwa dhati kwamba saini hiyo ina uzito kuliko hoja yoyote tutakayoitoa mbele ya jaji, kwa sababu barua ya kumfuta mtu kazi ikishatoka ofisini, makosa yaliyomo ndani yake hayafutiki tena.

Vikao vyetu vya kusoma hukumu vilirudi mara kwa mara kwenye kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kiafya, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, amchague mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe. Hata anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa chini ya kifungu cha 44 husikilizwa kwanza.

Sasa tazameni mafaili yanayotufikia. Mfagiaji wa soko aliyeishia darasa la nne anaandikiwa kurasa tatu za Kiingereza cha mahakamani, anapewa siku moja kujibu, kisha anaitwa mbele ya kamati bila kuambiwa kwamba anaweza kuja na mwenzake. Mazungumzo yanakuwa ya Kiswahili na Kigiriama, lakini kumbukumbu za kikao zinaandikwa Kiingereza, na maneno ya mshukiwa yanafupishwa kuwa mstari mmoja: "hakuwa na maelezo ya kuridhisha." Miezi inapita, hati za kesi zinaletwa, na wakili kijana anakabidhiwa faili aambiwe, "Tetea."

Atetee nini? Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha sababu. Kifungu cha 45 kinataka sababu iwe halali na utaratibu uwe wa haki. Ukikosa kimoja, kuachishwa huko si kwa haki, hata kama mtu huyo kweli alichukua pesa za ushuru. Mahakama inaweza kuagiza fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, na juu yake malipo ya notisi, likizo ambazo hakuzichukua, gharama za kesi na riba. Pesa hizo zinatoka kwenye mfuko uleule wa dawa za zahanati na maji ya vijiji.

Maofisa wa leba walio miongoni mwetu, wanaohakikisha waajiri wanafuata sheria ya kazi, wanalibeba jambo hili kwa uchungu zaidi. Masika yakiingia, hoteli kadhaa za huku Malindi na Watamu hufunga milango na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Ofisa anakwenda kumkumbusha mwenye hoteli kwamba kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake katika kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa ofisa wa leba, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Ofisa huyo atasema kwa sauti gani, ikiwa serikali iliyomtuma inaachisha watu kwa simu? Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na haikumtenga mwajiri wa serikali.

Kwa hiyo nalirudia mbele ya mkutano mkuu pendekezo tulilolipitisha katikati ya mwaka: barua yoyote ya kumtaka mtumishi ajieleze, ya kumsimamisha au ya kumwachisha isitoke kabla wakili msimamizi hajaisoma. Aisome akiwa na faili zima mbele yake. Ajiulize kama tuhuma imeelezwa waziwazi, kama siku za kujibu zinatosha, kama aliyeandika malalamiko ndiye pia anayekaa kwenye kamati. Wakili atakayetoa ushauri ndani ya kamati ya nidhamu asije akaibeba kesi hiyohiyo kortini, maana anaweza kuhitajika kama shahidi. Ofisi ikiwa na mawakili wawili tu jambo hili ni zito, nalijua, lakini linapangika mkilipanga mapema.

Ugumu wa kweli uko kwenye neno ambalo kila msimamizi hapa amewahi kulisikia: "Mtafutie kifungu." Maana yake uamuzi umeshapitishwa, na sheria inaitwa baadaye kuuvisha nguo. Ndugu zangu, mteja wetu ni serikali kama taasisi. Aliyekalia kiti leo atakiondokea kesho, na deni litabaki kwa wananchi. Ibara ya 236 ya Katiba inasema mtumishi wa umma asionewe kwa kutekeleza kazi zake kwa mujibu wa Katiba na sheria, wala asifukuzwe, asishushwe cheo wala kuadhibiwa bila utaratibu wa kisheria kufuatwa. Inawalinda wale tunaowaandikia barua, na inatulinda sisi pia. Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti ya mwaka 2020 imeipa ofisi hiyo msingi wake katika sheria, basi ushauri utolewe kwa maandishi, wenye tarehe, ukiitaja hatari kwa jina lake. Msimamizi asimtume kijana kupeleka ushauri mchungu ambao yeye mwenyewe anaogopa kuutia saini. Kwangu mimi hapo ndipo usimamizi unapopimwa.

Kuhusu ukubwa wa adhabu, kikao kimoja tulikitumia kuangalia wenzetu wa Marekani wanavyofanya. Kule wafanyakazi wengi wa serikali kuu wakiadhibiwa wanaweza kukata rufaa kwa bodi iitwayo Merit Systems Protection Board. Mwaka 1981, katika uamuzi unaojulikana kwa jina la Douglas, bodi hiyo ilitaja vigezo 12 vya kupimia adhabu, vikiwamo uzito wa kosa, cheo cha mtu, rekodi yake ya nyuma, adhabu waliyopewa wengine kwa kosa kama hilo, na kama adhabu ndogo ingetosha kumrekebisha. Wakili wao wa serikali anayesimamia kesi hizo humkalisha meneja na vigezo hivyo kabla adhabu haijatangazwa. Kuna waliouliza vinatuhusu nini. Vinatuhusu, kwa sababu kifungu chetu cha 45 nacho kinaitaka mahakama iangalie mwajiri aliwatendea vipi wengine siku za nyuma, na kama kulikuwa na barua za onyo. Dereva aliyekosa kazini siku mbili hawezi kufutwa ilhali mwenzake wa cheo cha juu aliyekosa wiki mbili aliandikiwa onyo. Tumekubaliana kila ofisi iwe na daftari la adhabu, ili msimamizi awe na pa kulinganishia.

Niseme kidogo kuhusu mafaili. Kaunti zilipoanza mwaka 2013 zilirithi wafanyakazi kutoka mabaraza ya zamani na kutoka wizara, na si kila faili lilimfuata mwenyewe. Sheria haitusamehe kwa hilo. Mwajiri asipoweza kuonyesha mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Vibarua ndio hatari kubwa zaidi. Mtu amefagia barabara ya Lamu mfululizo miezi na miaka, analipwa kwa siku, jina lake liko kwenye karatasi ya msimamizi wa zamu tu. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi, na kumwondoa kunataka notisi. Mwambieni mkuu wa idara hivyo kabla hajawaambia watu wasirudi Jumatatu.

Limezuka swali kuhusu rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yake ana njia hiyo chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2017 kwamba njia hiyo imalizwe kwanza kabla ya kwenda kortini, na Sheria ya Tume ya mwaka huohuo inasema vivyo hivyo. Mawakili wetu wanaipenda pingamizi hii, kwamba mdai hakuanzia kwa Tume, na ni halali kuitoa. Itolewe mwanzoni, si baada ya mashahidi kumaliza. Na msimamizi anayejua kwamba mtu alionewa asijifiche nyuma yake. Kesi itapelekwa Nairobi kwa Tume, itarudi, na mtu yule atakaa bila mshahara kwa makosa ambayo sisi tumeshayaona kwenye faili. Hapo ushauri sahihi ni kumrudisha kazini au kumaliza kwa maelewano.

Hukumu zisizolipwa zinanisikitisha sana. Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali hairuhusu mali ya serikali kukamatwa na madalali, na baadhi ya maofisa wamechukulia hivyo kuwa ruhusa ya kutolipa. Aliyeshinda hupata cheti cha hukumu, akipuuzwa huomba amri ya kumlazimisha ofisa mhasibu, yaani anayewajibika kwa fedha za idara, alipe, na ofisa akikaidi anakabiliwa na jela kwa kudharau mahakama. Muda wote huo riba inapanda. Kuna wastaafu humu mjini wanaodai, nao tunakutana msikitini na sokoni. Msimamizi aandae orodha ya hukumu zote na kuifikisha kwa idara ya fedha kabla ya makadirio ya bajeti kufungwa.

Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 hadi Mei 8, ulitufundisha kusoma makubaliano ya kurudi kazini neno kwa neno, hasa tarehe za malipo. Wanachama wa idara za afya wameomba kikao kizima juu ya hilo, nao watakipata.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mafunzo kwa kamati za nidhamu yafanyike kwa Kiswahili, yaanzie Hola na Lamu ambako wenzetu wako wachache na mahakama iko mbali. Tumeandaa pia mfano wa barua ya kumtaka mtumishi ajieleze, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye mstari unaomwambia waziwazi kwamba anaweza kuja na mwenzake. Nakala ziko mezani kwa katibu. Naomba mzisome sasa, mrekebishe panapostahili, ili tuzipigie kura kabla ya chakula cha mchana.