Usiinunue kwanza hiyo mashine

Tanga,
Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatuandama. Nifikishie shikamoo kwa mama.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema umeona kompyuta ya mezani ya mtumba, laki sita na nusu, na unataka uifanye seva yetu ya Minecraft, yaani mashine ya kutunza dunia ya ule mchezo wetu wa kujenga ili wote tuingie humo, tuachane na habari ya kulipa seva ya kukodi kila mwezi. Nakuomba usiinunue kwanza. Pesa hiyo najua ulivyoidunduliza, na njia hiyo mimi nimeshaipita.

Seva yangu ilikaa chini ya kitanda miezi minne. Raha yake siikatai. Programu yenyewe ya seva ni ya bure, unaipakua, unaiwasha, na dunia ni yako: unaongeza unachotaka, humuombi mtu ruhusa. Usiku nikisikia feni yake inaunguruma najua kuna mwenzetu anachimba.

Lakini siku ya kwanza tu nilikwama kwenye ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti nyumbani. Nilifungua humo mlango wa mtandao namba 25565, ule Minecraft inaoupitia, kama inavyotakiwa, wenzetu wakajaribu kuingia, kimya. Kumbe kampuni ya intaneti inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, ile namba ya kukutambulisha mtandaoni, kwa hiyo mtu wa nje hana njia ya kunifikia. Ikabidi niombe anwani yangu mwenyewe, nayo inalipiwa kila mwezi. Hapo tayari ile bure imeanza kuota mkia. Ongeza umeme: mashine ya wati 60 isiyozimwa inakula uniti 43 kwa mwezi. Baba aliona uniti zinavyokwisha kabla sijamweleza chochote.

Kisha ukaja ule usiku wa gati. Unalikumbuka gati letu, lile la mawe lenye majahazi matatu, tulilojenga wiki tatu? Umeme ulikatika seva ikiwa inaandika kwenye diski. Ulivyorudi nikaingia, nikatembea juu ya gati mpaka katikati, mbele yangu likawa limekatwa wima kama mkate. Upande wa pili palikuwa na msitu mbichi, miti ambayo hakuna aliyeipanda. Kile kipande cha dunia kiliharibika, mchezo ukakiumba upya. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana sasa tunakodi, dola 8 kwa mwezi, tupo wanane, kila mtu kama shilingi 2,500. Umeme ukikatika kwangu, wewe Arusha unaendelea kucheza, na mwenzetu wa Muscat pia.

Ila kukodi nako kunataka macho. Matangazo yote yanapigia debe RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, GB 8, GB 16. Wewe uliza prosesa, ubongo wenyewe wa mashine. Minecraft inapiga mapigo 20 kila sekunde, kila pigo lina milisekunde 50 za kumaliza kazi zake zote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inabebwa na kiini kimoja tu cha prosesa. Kiini kikiwa cha polepole, hata RAM ijae ghala, ng'ombe wataganda na mlango utafunguka umeshaupita. Uliza pia mashine iko wapi. Kutoka hapa nikipima muda wa ujumbe kwenda Frankfurt na kurudi napata milisekunde 150 na zaidi, Johannesburg ni chini ya nusu ya hapo. Kwa kujenga huoni tofauti. Kwa kupigana, yule wa karibu anakupiga kabla hujainua upanga.

Na swali ambalo usilipe kabla hujajibiwa: naruhusiwa kuchota faili zangu zote muda wowote? Wakisitasita, ondoka. Mimi kila Ijumaa nalishusha folda zima la dunia kwenye diski yangu. Kompyuta ni ya kwao, sawa, lakini gati ni letu.

Kuna hali moja tu ningekwambia nunua leo hii: kama wachezaji wote mngekuwa bweni moja, waya mmoja, ruta moja. Hapo hakuna cha intaneti wala cha umbali. Unakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima? Wakati kama ule seva iliyo nje unailipia na huifikii, wa bwenini wanacheza kama kawaida. Sisi tumetawanyika, swahiba.

Kodi mwezi mmoja kwanza, laki sita na nusu iache ilipo. Dunia ya gati nimeifunga tayari, ni GB 2 na ushei, nakutumia kesho. Usiishushe kwa bando la simu, ngoja ufike kwa shemeji penye faiba. Jumamosi saa tatu usiku nitakuwa ndani, tuanzie pale lilipokatika.

Wasalaam,
wako wa dawati moja