Kwa nini tunakuuliza kama umekula

Ukija kuchukua dawa, mara nyingi tutakuuliza kama umeshakula. Wengi hudhani tunahofia tumbo lisije likauma. Hilo lipo, ila kubwa zaidi tunataka dawa uliyonunua ifike kwenye damu.

Kidonge kikishapita kooni bado hakijaingia mwilini hasa. Tumboni huwa kinayeyuka. Kuvuka kwenda kwenye damu, kwa dawa nyingi na kwa karibu virutubisho vyote, hufanyika kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa kama mita 6. Pitisha kiganja juu ya taulo jipya, uzione nyuzi zilivyosimama. Ukuta wa utumbo kwa ndani uko hivyo, umejaa vinyweleo vidogo mno, na kila kimoja kina vishipa vyake vya damu. Kutoka hapo damu hupitia kwanza kwenye ini, nalo huvunja sehemu ya dawa. Ndiyo maana dozi ya kumeza huweza kuwa kubwa kuliko ya sindano ya dawa ileile.

Sasa, dawa huweza kukwama kabla ya kuvuka ukuta huo. Mteja wetu mmoja alimeza vidonge vya kuongeza damu mwezi mzima bila kukosa siku, lakini kila asubuhi alivisindikiza kwa chai. Chai huyashika madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge hivyo, mengi yakapita na kutoka na choo. Iliniuma, kwa sababu alikuwa anajitahidi kweli, na sisi hatukumwambia mapema. Maziwa nayo huishika kwa kiasi doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Kinyume chake, dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini huingia vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, wakati dawa ya tezi ya shingoni, levothairoksini, hutaka tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa.

Na tafadhali, usisage kidonge kabla ya kutuuliza. Vingine vimepakwa ganda makusudi, ili tindikali ya tumbo isiiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo. Kama mgonjwa hawezi kumeza, tuambie tuangalie kama ipo ya maji.

Ukija, beba dawa zote unazotumia, hata vitamini na zile za kiungulia. Tutakaa nawe tupange saa ya kila moja.